Injini Mlangoni kwa Mama

Nimeshapoteza breki kwenye mteremko nikiwa na shehena ya mawe mgongoni. Nimeshazinduka usingizini nimeshika usukani, mbele yangu kuna mti. Hofu hizo nazijua. Zinakuja na kupita kabla hujamaliza kusema mama wee. Hofu ya siku tuliyotoa injini uani kwangu haikupita. Ilivuta kiti, ikakaa, ikanitazama.

Injini yenyewe ilikuwa imeanza kugonga ndani, ko-ko-ko, kama mtu anayepiga hodi kwa nyundo. Nilijifanya hamnazo, nikaendelea kubeba mchanga na kokoto mpaka ikagoma kabisa. Wenzangu wa machimboni wakalivuta lori kwa mnyororo hadi kwangu, wakaniuliza walisimamishe wapi. Nikawaonyesha: hapo, chini ya reli.

Reli hiyo ni kipande cha chuma cha njia ya treni. Nilikipachika mwenyewe nilipojenga chumba cha uani. Ncha moja imeingia kwenye ukuta wa chumba, juu ya dirisha, na nyingine imelala juu ya nguzo ya zege upande wa pili wa ua. Nilitaka kuezeka mabati pale. Mabati hayakufika, reli ikabaki, na ikapata kazi. Tulishaning'iniza giaboksi pale, tukaning'iniza ekseli, hata tangi la maji siku moja. Haikuwahi kulalamika.

Kasoro ilikuwa moja. Ua wangu ni mwembamba na lori ni pana. Ili injini ikae sawasawa chini ya ndoano, ilibidi lori libanwe ukutani. Upande wa pua lilibakiza upenyo wa mtu kupita kiubavuubavu, lakini bodi ya nyuma iliugusa ukuta kabisa, na ukuta ulipoguswa ndipo palipokuwa na mlango. Mlango wenyewe unafungukia nje.

Ndani ya chumba hicho alilala mama yangu.

Mama alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma, wakamrudisha nyumbani na masharti: alale, asikanyage, na juu ya yote asianguke tena. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwogesha na kumsikiliza, na hilo la mwisho ndilo zito. Kitanda chake kilikaa kwenye ukuta huo huo wa uani, kichwa chini ya dirisha. Alikitaka hapo mwenyewe, ili ajue nani kaingia, nani katoka, na kabeba nini.

Asubuhi ile mke wangu alisimama kwenye ngazi za jikoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, umeziba mlango wa mama."

"Mchana mmoja tu. Jioni lori halipo."

"Na akinihitaji?"

"Dirisha lipo. Beseni umempa?"

"Nimempa."

"Basi."

"Kichwa hicho chako ungekipangisha," akasema. "Nafasi ndani ni kubwa na hakuna anayeishi."

Mama akacheka dirishani. Meno yake ya mbele hayapo, kwa hiyo cheko lake hutoka kama upepo. "Mwache. Baba yake naye aliniambia anatoka mara moja tu."

Fundi wangu tunamwita Redio. Anaanza kuongea kabla hajashuka kwenye baiskeli na ananyamaza akishaondoka. Anaongea na spana, anaongea na nati, nati ikikaza anaiuliza habari za kwao. Siku hiyo alikuja bila vyuma vyake vya miguu mitatu, vile anavyosimamisha juu ya gari na kufunga winchi katikati. Alikuwa amemwazima fundi mwenzake.

"Keshokutwa vinarudi, kaka. Tungesubiri."

"Reli ipo."

Akaitazama reli, akaifuata kwa macho mpaka inapoingia ukutani. "Imeingia kiasi gani humo ndani?"

"Imeingia."

"Kiasi gani?"

"Redio, umekuja kutoa injini au kupima nyumba?"

Akacheka, akavaa ovaroli. Nasema kama ilivyokuwa: aliuliza, na mimi nikamjibu hivyo.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Tulimwaga maji na oili, tukatoa boneti, tukatoa rejeta. Tukachomoa gurudumu la mbele la upande wa ua ili Redio afikie bolti za chini, ekseli tukailaza juu ya magogo. Waya, mabomba, pampu, kila kitu kilikuja bila ugomvi. Redio alifunga mnyororo kwenye injini mbele na nyuma, akatundika winchi kwenye reli, akaingiza ndoano. Jua lilikuwa limepita utosini kidogo.

Winchi ya mnyororo inavutwa kwa mikono. Unavuta, meno ya ndani yanalia ka-ka-ka, mzigo unapanda unene wa kidole. Hiyo ya Redio ilikuwa kuukuu kuliko lori. Ilikuwa na tabia yake: haishuki mpaka kwanza uipandishe kidogo, meno yaachie. Yakiachia, yanautupa mzigo chini kwa kishindo, halafu yanadaka tena. Redio aliniambia hayo akicheka. "Kama mkwe mkorofi, lazima umpandishe kidogo ndipo ashuke."

Nikavuta. Mnyororo ukakaza, reli ikatoa sauti, ng'iii, kama kitanda cha chuma. Pua ya lori ikainuka, springi zikajinyoosha. Redio alikuwa ameingiza mtaimbo kati ya injini na giaboksi, anabembeleza. "Njoo mama, njoo, usione haya, toka..." Nikavuta tena. Injini ilikuwa imeng'ang'ania kwenye shafti ya giaboksi. Nikavuta kwa nguvu zote.

Ikachomoka ghafla. Chuma chote kile kikaruka mbele, kikaning'inia, kikayumba kama kengele. Reli ikayumba nacho.

"Eee bwana!" Redio akaruka pembeni, meno nje. "Imezaliwa!"

Ndipo mama akaita. "We baba! Kuna mchanga unanidondokea."

"Vumbi la darini, mama. Jifunike shuka."

"Dari iko juu. Huu unatoka ukutani."

"Mama naye anataka achomolewe," akasema Redio. "Subiri zamu yako, mama! Tunaanza na huyu mnene!"

Nikavuta mara nyingine. Ka-ka-ka. Kulikuwa bado na kipande cha chini cha injini, lile bakuli la oili, hakijapita juu ya chuma kinachokingama kwenye chesisi.

"Sasa vinakuja vijiwe," akasema mama. Hakuwa anatania tena.

Mke wangu aliweka chini sufuria aliyokuwa akisugua. Akajipenyeza kati ya pua ya lori na ukuta mpaka dirishani. Alichungulia. Nilimwona mgongo tu. Kisha akarudi kiubavuubavu, nguo yake imechubuka ukutani, akanishika mkono wa shati.

Mke wangu ana neno kwa kila jambo. Hapo alinivuta tu.

Nikaingia kwenye ule upenyo. Tumbo langu lilikwama, nikalibana, nikapita. Nikaweka shavu kwenye nondo za dirisha na kutazama ndani.

Kutoka kwenye tundu la reli ufa ulikuwa umeshuka mpaka kona ya dirisha, na kutoka kona hiyo mwingine umekwenda kulia kuelekea mlangoni. Vidole vyangu viwili vingeingia. Plasta ya ndani ilikuwa imevimba kama tumbo la mtu mwenye maji. Nikaelewa kilichotokea, na afadhali nisingeelewa. Reli ilikuwa imepinda katikati kwa uzito wa injini. Ikipinda katikati kwenda chini, ncha yake humo ukutani inainuka. Ilikuwa inanyanyua tofali za juu na kuzisukuma ndani, kama unavyofungua soda.

Chini ya tofali hizo alikuwa mama, kichwa kwenye mto, mchanga kwenye nyusi.

"Umeona?" akasema. "Nilikwambia."

"Ni plasta tu, mama."

Sauti haikuwa yangu. Nadhani alisikia.

Nilirudi kwa Redio. "Shusha," nikamwambia. "Ukuta unafunguka. Shusha sasa hivi."

Redio akapanda kwenye bampa, akanyoosha shingo, akatazama inapoingia reli. Nilimsubiri aseme chochote, hata upuuzi. Akashuka polepole, kama mtu anayeshuka kwenye tawi bovu.

"Haishuki, kaka."

"Unasemaje?"

"Kushuka lazima ipande kwanza. Halafu inaachia, inadaka. Ule mshtuko..." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

"Tuiache hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo nayo inaendelea. Sikiliza."

Tukasikiliza. Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anatafuna mchele wenye mawe. Injini ilikuwa imetulia kabisa. Ilining'inia mbele yetu, matone ya oili yakianguka chini, tap, tap, nzito na nyeusi, haina haraka.

"Tusukume lori," akasema mke wangu. "Mlango ufunguke, tumtoe."

"Gurudumu halipo, shemeji. Na likisogea, pua inaigonga injini, injini inaitingisha reli."

"Kateni nondo za dirisha!"

"Nondo zimeingia ukuta huo huo," nikasema. "Msumeno utautikisa."

"Basi bomoeni ukuta wa nyuma! Mna nyundo, mna mtaimbo, mnasubiri nini?"

Redio alitikisa kichwa. Pigo moja la nyundo upande wa nyuma, chumba kizima kingeitikia. Mke wangu alitutazama, mimi kisha yeye, kisha mimi tena. Macho yake sitaki kuyaeleza.

"Kwa hiyo?" akasema.

Ilibaki njia moja na kila mmoja wetu aliiona, ila hakuna aliyetaka iwe ya mdomo wake. Mama alitakiwa atoke kitandani mwenyewe. Mtu aliyeambiwa asijipindue alitakiwa aanguke chini na kujikokota mpaka ukuta wa mbali, kwenye meza. Kisha ndipo tungeigusa winchi.

"Nakwenda kumwambia," nikasema.

"Usikae humo, kaka," akasema Redio kwa sauti ya chini. "Ukuta ukiamua kuja huku nje, uko kati yake na lori."

Nilikuwa nimeshaingia.

Upenyo ulikuwa na harufu ya oili na ya plasta mbichi, ingawa plasta ile ilikuwa kavu miaka mingi. Nikaishika nondo ya dirisha, nikaiacha upesi. Niliogopa hata uzito wa mkono wangu.

"Mama. Nataka ushuke kitandani."

"Nishuke?"

"Ushuke chini. Uende kule mezani."

"Mtoto wewe, daktari alisemaje?"

"Najua alivyosema."

"Alisema nikianguka tena hana pa kuweka chuma kingine. Wewe ulikuwepo. Ukaitikia kwa kichwa."

"Najua, mama."

"Basi fungueni mlango mnibebe. Nina miguu ya kuazima?"

"Mlango haufunguki."

"Kwa nini?"

"Nimeuziba na lori."

Kokoto moja ilichomoka juu yake, ikaanguka shavuni, ikaviringika mpaka shingoni. Hakuipangusa.

"Ukuta unakuja, mama," nikasema.

"Unakuja wapi?"

"Kwako."

Alirudisha kichwa nyuma, akatazama juu. Sijui aliona nini kutoka pale alipolala, akiwa chini ya ule uvimbe. Nimemjua mama yangu maisha yangu yote. Nimemwona akimfukuza nyoka jikoni kwa mwiko. Nimemwona akikabana na wanaume waliokuja kutudai chumba. Uso alioufanya pale sikuujua. Ulikuwa uso mdogo, kama wa mtu aliyepotea sokoni.

Halafu ukarudi.

"Ondoka hapo dirishani," akasema.

"Nikiondoka hutashuka."

"Ondoka, nakwambia! Tufe wote wawili kwa sababu ya lori? Mkeo abaki na nani?"

"Shuka, mama. Nakuomba. Shuka."

Aliukamata ukingo wa godoro, akaukaza, akauachia, akaukamata tena.

"Geuza uso," akasema.

"Mama..."

"Nimevaa hiki kigauni. Na nitalia. Geuza uso, sitaki unione."

Nikageuza uso. Mbele ya pua yangu kulikuwa na madigadi ya lori, rangi imebanduka, kutu imechora kama ramani. Niliisoma kutu ile kama Maandiko. Nyuma yangu nilisikia springi za kitanda. Nilisikia mke wangu akipaza sauti kutoka upande wa pua, "Mama! Tupa mto chini kwanza! Na blanketi! Uangukie blanketi!" na mama akimjibu, "Nimeshatupa, mwanangu, usinifundishe kuanguka, ndiyo kazi yangu siku hizi." Halafu pumzi moja ndefu, ya kuvutwa ndani.

Kishindo chake kilikuwa kidogo. Sikutegemea kiwe kidogo hivyo. Mama amekuwa mwepesi. Lakini kilio kilichofuata kilipasua kitu ndani yangu ambacho mpaka leo hakijaziba. Hakikuwa na maneno. Kilianza juu, kikashuka, kikawa kama cha mnyama anayeburutwa.

"Sogea, mama!" nikapiga kelele nikitazama kutu. "Usikae hapo! Sogea!"

"Siwezi."

"Sogea kwa mikono!"

"Mguu haunifuati."

"Uache ukufuate wenyewe! Vuta kwa viwiko! Mama, sikia, kwa viwiko!"

Nilikuwa namfokea mama yangu kama utingo aliyelala kazini. Nilisikia kitambaa kikiburutwa kwenye sakafu, kikisimama, kikiburutwa. Juu ya kichwa changu ule mtafuno ulikuwa umebadilika. Haukuwa mchele tena. Ulikuwa mifupa.

Huku nje Redio na mke wangu walikuwa wanakimbia. Walikuwa wanaviringisha matairi, lile tulilochomoa na la akiba, wakiyasukumiza chini ya injini, na juu yake magogo, na juu ya magogo godoro letu la chumbani ambalo mke wangu alilivuta mwenyewe mpaka uani. Kama ikianguka, iangukie karibu.

"Kaka, toka," akasema Redio. "Kaka. Reli inatembea."

Nikageuka. Nilishindwa, nikatazama ndani. Mama alikuwa katikati ya chumba, kifudifudi, gauni limepanda, mguu mmoja umelala vibaya. Kiwiko mbele, anavuta. Kiwiko kingine. Tofali la kwanza likatoka hapo hapo, bila kelele, kama mtu anayeshuka kwenye kiti. Liliangukia kitandani, mahali ambapo mto wake ungekuwa, likazama kwenye godoro.

"Usigeuke nyuma!" nikamwambia. "Meza iko mbele yako. Ingia chini ya meza!"

Halafu ncha ya reli ikachomoka.

Ninachokumbuka ni kuchuchumaa. Reli ilishuka ikakita juu ya madigadi, ikayakunja kama karatasi, ikasimama hapo, juu ya kichwa changu. Nyuma yake injini iliangukia matairi na lori zima likaruka. Ukuta wa juu ulikwenda ndani. Haukuja kwangu hata tofali moja. Wote ulikwenda ndani.

Kisha vumbi. Sikuona mkono wangu.

"Mama."

Kimya.

"Mama!"

Nilisikia bati likipigapiga juu, limepoteza pa kuegemea. Nilisikia mke wangu akiita jina langu, jina langu hasa, ambalo hajalitaja tangu tuzae. Sikumjibu. Nilikuwa nasubiri sauti nyingine. Nilisubiri cheko lile la upepo, nilisubiri tusi, kukohoa, chochote. Hakuna kilichokuja. Nikasema moyoni, basi. Nimemwambia ashuke, ameshuka, na ndiyo mwisho wa neno langu kwake: ingia chini ya meza.

Pale penye dirisha palikuwa pamebaki tundu kubwa, nondo zimening'inia upande mmoja. Nikapanda juu ya tofali, nikajikwaruza, nikaangukia kitandani. Hakikuwa kitanda tena. Nikatambaa juu ya kifusi nikipapasa. Nilishika blanketi. Nilishika bakuli. Nilishika kitu laini, nikakivuta kwa pupa, kumbe ni mto.

Vumbi likaanza kutulia. Nikaiona meza. Chini yake kulikuwa na macho mawili.

Alikuwa amekumbatia mguu wa meza kwa mikono yote miwili. Mwili wote ulikuwa mweupe kwa vumbi, nywele, kope, midomo. Kinywa kilikuwa wazi na ndani yake kumejaa mchanga. Ndiyo maana hakuitika. Tofali zilikuwa zimefika mpaka kwenye kisigino chake zikaishia hapo.

Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono. Akatema. Akatema tena.

"Usiniguse," akasema.

"Mama, nikutoe..."

"Wewe usiniguse. Mwite mke wako."

Nikamwita. Mke wangu aliruka lile tundu kama msichana, akaniondoa kwa kiwiko, akaingia chini ya meza na kumkumbatia kichwa. Hapo mama akaanza kutetemeka. Alitetemeka mpaka meza ikagongagonga sakafuni. Mimi nilisimama penye kifusi, mikono inaning'inia, sina pa kuipeleka.

Tulimlaza juu ya ubao wa kitanda, tukamtoa kupitia tundu. Redio alishika mbele, mke wangu nyuma. Mimi nilitembea pembeni nikisogeza tofali njiani. Jirani alileta pikapu yake. Nilipopanda nyuma mama alinitazama, hakusema nishuke, hakusema nibaki. Nikakaa kwenye kona, magoti kifuani. Kila shimo la barabara alifumba macho, na mimi nikafumba yangu.

Hospitali walimpiga picha. Tulingoja kwenye benchi la mbao ndefu, mimi, mke wangu na Redio. Redio alikuwa na oili mpaka mashavuni na hakuwa ametamka neno tangu uani. Watu walikuwa wanatupisha.

Muuguzi akatoka, mwanamke wa umri wangu, uso umekunjwa.

"Chuma kimesogea," akasema. "Atarudi chumba cha upasuaji."

"Atatembea?" akauliza mke wangu.

"Kwanza tumpasue. Kutembea tutajua mbele ya safari." Akageukia kitanda cha magurudumu, mama akiwa juu yake, ameshapanguswa uso. Shingo ilikuwa bado ina vumbi. "Mgonjwa huyu aliambiwa asikanyage wala asijigeuze. Nani alimshusha kitandani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kueleza na yote yalianza na lori.

"Mwanangu," akasema mama. "Yule pale."

Muuguzi akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Alimsubiri mama aongeze. Mama alifumba macho, akageuzia uso ukutani, kisha haraka akaugeuza tena kutoka ukutani na kutazama juu.

Walianza kumsukuma. Magurudumu ya kile kitanda yalilia kwenye korido, na mimi nikafuata nyuma, si karibu sana, ili asikie kwamba nipo.